Nembo za Bibi na Miungu wa Jim Chuchu

Jim Chuchu anafanya kazi gani? Inategemea umemuuliza nani. Waliokuwa wakifuatilia muziki wa Nairobi mwaka 2010 watakwambia huyo ni mtu wa Just a Band, kundi lililozaliwa Chuo Kikuu cha Kenyatta na kumrudisha Makmende mjini. Wapenzi wa sinema watakwambia ni mwongozaji wa Stories of Our Lives, filamu iliyopigwa marufuku nyumbani kwao mwaka 2014 na kutuzwa Berlin mwaka uliofuata. Watu wa mitindo watakutajia To Catch a Dream. Watu wa makumbusho wanamjua kwa Pagans, zile picha za mnato za miungu wasio na majina. Wote wanasema kweli, na ndiyo maana karibu kila makala ninayoisoma juu yake inaanza kwa kumsifia kwamba ana vipaji vingi, inaviorodhesha, halafu inaisha.

Mimi sifa hiyo hainishtui. Waswahili tuna methali kwamba mshika mbili moja humponyoka, lakini huku niliko methali hiyo haijawahi kuwa na nguvu sana.

Huku ni Masasi. Kwa asiyepajua: milima ya mawe inayochomoza ghafla kwenye ardhi tambarare, mikorosho kila upande, Wamakua, Wayao na Wamakonde waliooleana mpaka ukoo mmoja unasalimiana kwa lugha tatu. Ukitoka hapa kwenda Newala gari linapanda, na ukishafika juu uko kwenye uwanda wa Makonde, kwenye mchanga na shida ya maji isiyozeeka. Huko ndiko kwao mama yangu. Vijana wanapotoka jandoni, kinyago hutoka. Wengine wanaita mapiko, wengine midimu, inategemea kijiji na inategemea nani anabishana. (Nasema kinyago kwa makusudi. Neno barakoa tangu korona limebaki kuwa kile kitambaa cha puani.) Anakuja amefunikwa mwili mzima, njuga zinalia, sura ya mti imegeukia wanawake, na ngoma inamfuata yeye au yeye anaifuata, hujui. Pale uwanjani huwezi kutenganisha kazi ya mchongaji na ya aliyeshona, ya mpiga ngoma na ya mchezaji. Kitambaa kikiteleza ukaonekana mguu, ngoma imeharibika, hata kama kinyago kilichongwa na fundi bora wa Newala nzima.

Hata George Lilanga, Mmakonde wetu aliyefariki mwaka 2005, yule aliyeingia Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam akiwa mlinzi, alichonga, akapaka rangi, akahamisha mashetani yake kutoka kwenye mti kwenda kwenye ubao na turubai, na hakuna aliyemwambia achague moja.

Kwa hiyo swali langu kwa Chuchu si kwa nini anahama hama. Swali ni anachokifukuza ni nini. Nimemfuatilia kwa miaka kadhaa, kwa bando la kuungaunga, na nadhani anafukuza kitu kimoja tu: uso. Nani ana ruhusa ya kuuvalisha uso, kuuonyesha, au kuuficha.

Anza na Makmende. Mwaka 2010 Just a Band walitoa video ya wimbo wao Ha-He, ikiongozwa na Chuchu pamoja na mwenzake Mbithi Masya. Ndani kuna mbabe wa mtaa anayeitwa Makmende, jina lililotokana na jinsi watoto wa Nairobi walivyoyasikia maneno ya Clint Eastwood kwenye sinema. Ukiitazama leo, hadithi yenyewe ni nyepesi. Kinachoibeba ni mavazi na mwendo: huyu ni mtu wa sinema za Marekani za miaka ya 1970 aliyeshushwa Nairobi, na kila nguo aliyovaa inasema utani kabla hajafungua mdomo. Mtandao ulimpokea kama jamaa aliyekuwepo siku zote. Vichekesho vya Makmende vikatungwa na watu ambao hata wimbo hawakuumaliza. Chuchu, aliyezaliwa mwaka 1982, alikuwa bado hajafika miaka thelathini, na tayari alikuwa amethibitisha kwamba mtu wa kubuni, akivalishwa sawasawa, anaweza kuwa maarufu kuliko waliomtengeneza.

Halafu akageuza shilingi upande wa pili. Mwaka 2012 alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Nest, kikundi cha wasanii cha Nairobi, na mwaka 2014 wakatoa Stories of Our Lives. Ni hadithi fupi tano kwa nyeusi na nyeupe, zilizotungwa kutokana na mahojiano na Wakenya wapenzi wa jinsia moja ambao hawakutaka majina yao yajulikane. Bajeti ilikuwa kama dola 15,000, pesa ambayo kwenye sinema za wenzetu ni ya chai. Filamu ilipokwenda Tamasha la Toronto mwezi Septemba, walioitengeneza nao walikuwa wamechagua kutotajwa. Ni kulekule Toronto ambako watatu walijitokeza na kusema ni sisi: Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi. Oktoba, bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Gachara akakamatwa na kufunguliwa mashtaka ya kutengeneza filamu bila kibali, mashtaka yaliyokuja kufutwa baadaye. Februari 2015 majaji wa tuzo za Teddy kule Berlin wakaipa tuzo yao.

Sina nia ya kubishana hapa juu ya mada ya filamu ile. Kenya wanabishana, sisi huku tunanong'ona. Kinachonishika mimi ni yale majina. Fikiria msanii ambaye kazi yake ni picha, anatengeneza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na jambo la kwanza analoamua ni kwamba asionekane. Halafu anasimama mbele ya watu na kujionyesha yeye ili wale waliomsimulia waendelee kufichika. Kwetu hilo tunalijua, isipokuwa hatuliiti uandishi wala sinema.

Mimi ni mwandishi wa habari, wa kujitegemea, nalipwa kwa kipande. Kazi yangu inataka uso. Miaka michache iliyopita nilipiga picha za kinyago Newala, kwa ruhusa ya wazee, zikatoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikazituma Dar kwa mhariri mmoja aliyeziagiza. Akapiga simu baada ya nusu saa. Picha kali, akasema, lakini huyu ni nani? Tutafutie nyingine amevua.

Sasa mimi ni mwanamke, nimechezwa, na mambo ya ndani siyasemi hapa. Lakini hili la nje kila mtu analijua: sisi wanawake tunaambiwa kile si mtu. Tunakimbia, tunapiga kelele, tunakirudia tena kwa nyimbo za kukitania, na tukirudi nyumbani tunajua kabisa ni mume wa nani ambaye hakuonekana uwanjani jioni nzima. Kujua tunajua. Kusema ndiyo hatusemi. Ule ukimya wetu ni sehemu ya ngoma kama zilivyo njuga. Tukiutoa, kinachobaki uwanjani ni mwanaume mzima aliyejifunika nguo kwenye jua kali. Nikamwambia mhariri: hakuna mtu ndani. Akacheka, akadhani namfanyia utani. Nikarudia. Picha hazikutumika, na malipo yake yakaenda na maji.

Mwaka 2015 makumbusho ya sanaa ya Seattle yalifungua maonyesho yaliyohusu vinyago vya Afrika na wasanii wa leo, na mwaka 2016 yakahamia Brooklyn. Chuchu alikuwa mmoja wa walioalikwa. Akapeleka video zake za Invocations, kazi za nyeusi na nyeupe zenye mizunguko ya kama ibada: kijana anayekata kamba zilizomfunga na alikotoka, kijana anayeachiliwa. Ni jando la mtu aliyekulia mjini ambako hakuna wa kumpeleka porini, kwa hiyo anajipeleka mwenyewe, na kamera ndiyo somo wake. Zinanisisimua hizo. Ukiwa umeona vijana wakitoka jandoni huku kwetu, huku mama zao wanawapigia vigelegele na kuwafungulia kanga za kukanyaga, ndipo unapoiona kasoro ambayo nadhani ndiyo nia yenyewe: kwenye Invocations hakuna mtu wa kumpokea.

Pagans, za mwaka 2014, nina ugomvi nazo. Ni picha za vijana wenye miili mizuri, wengine bila nguo, nyeusi na nyeupe, na juu yake kuna alama na maumbo yaliyoongezwa kwa kompyuta, kana kwamba hawa ni miungu wa Kiafrika ambao picha zao zilipotea na sasa zimepatikana. Wazo ni zito. Lakini miungu wenyewe wote ni vijana, wote ngozi laini, hakuna mwenye kitambi wala aliyeng'oka jino, na hawatoki kijiji chochote. Mimi natoka mahali ambapo vinyago vina majina, vina tabia, vingine ni vizee na vingine vinadhihaki watu wa serikali. Mungu asiye na kijiji ananipa shida kidogo. Nasikia mtu akinijibu kwamba ndiyo hoja, majina yalifutwa. Sawa. Lakini hayakufutwa kila mahali, na mtu wa Nairobi akisema yamefutwa, wa Newala ana haki ya kuguna.

Isitoshe, huku kwetu picha, filamu na mavazi vilikutana zamani sana, na havikukutana kwa hiari yetu. Mwaka 1906 alikuja Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka mmoja kabla, vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa, na yeye alipita Masasi, Chingulungulu na Newala akiwa na kamera ya picha, kamera ya filamu na santuri ya kunasia sauti. Akapiga picha nyuso za watu, akarekodi nyimbo na ngoma, akakusanya vinyago na vitu vingine vya kupeleka kwao. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, kimetafsiriwa na Alice Werner, yule yule ambaye wanaosoma fasihi ya Kiswahili wanamfahamu. Kitabu kimejaa picha. Wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu, wanawake wenye nembo usoni, wengi wao bila jina. Chini ya picha ni kabila tu, au mahali.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na vyote viwili: nembo mashavuni na kwenye paji la uso, na tundu la ndonya ambalo alishaacha kulivalia siku nyingi. Alizaliwa Newala kabla ya vita ya Hitler. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu picha mojawapo ya zile za Weule, mama mmoja amesimama, uso mkavu, amejifunga kitambaa cheusi. Nilitegemea atasema kitu juu ya ndonya. Mimi ndicho nilichokuwa nakitazama, na nina hakika ndicho Mjerumani naye alichokuwa anakitazama. Bibi akaikuza picha kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, akashuka moja kwa moja kwenye nguo.

"Kaniki hii mpya," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia kaniki mpya inang'aa na inasimama, haijalala mwilini, na mtu havai kaniki mpya kwenda shamba wala kuchota maji. "Huyu kavaa ya ngoma. Ama kavalishwa."

We acha tu. Zaidi ya miaka mia moja watu wameitazama picha ile kama picha ya maisha ya kawaida ya mwanamke wa Kimakonde, na mwanamke wa Kimakonde aliyeitazama kwa dakika moja akaona kwamba ilikuwa siku maalumu, au ilikuwa maigizo. Uso haukumwambia kitu. Nguo ndiyo iliyomwambia. Tangu siku hiyo, kila nikitazama kazi ya Chuchu naanza na nguo, na nimegundua kwamba ndipo penye majibu.

Ndiyo maana naiweka To Catch a Dream juu ya nyingine zote. Ilitoka mwaka 2015, filamu fupi ya mitindo iliyoongozwa na Chuchu, na aliyeibeba ni Ajuma Nasenyana, mwanamitindo wa Kituruki, nasema wa Turkana, msije mkanipeleka Istanbul. Ni mjane anayeandamwa na ndoto mbaya ile ile. Hakuna jukwaa wala wapiga makofi. Mavazi ni ya wabunifu wa Kenya, na kila anapobadilisha vazi ni kama amehamia chumba kingine cha msiba wake. Huku kwetu mjane ana mavazi yake na siku zake, na siku ya kuyavua ina watu wake. Wale wa Nairobi wamechukua jambo hilo hilo na kulipeleka kwenye ndoto.

Hapo lazima nitaje jina jingine, maana makala nyingi zinalisahau: Sunny Dolat, mwenzake Chuchu wa The Nest, ambaye mitindo na mavazi ndiyo kazi yake, na ndiye aliyekuwa nyuma ya Not African Enough, kitabu cha The Nest cha mwaka 2017 juu ya wabunifu wa Kenya na ule mzigo wa kuambiwa kila siku kwamba nguo zao hazina Uafrika wa kutosha. Yaani kitenge na shanga ziko wapi? Tukimwita Chuchu msanii wa fani nyingi bila kumtaja Dolat, tunafanya kile kile cha kumsifia mchongaji na kumsahau aliyeshona. Wao wenyewe hawakosei hapo; kazi zao nyingi zinatoka kwa jina la kikundi.

Nilimwonyesha filamu hiyo fundi cherehani mmoja wa hapa Masasi, mzee wa makamo ninayemtegemea kwa kila kitu kinachohitaji kupunguzwa kiuno. Alitazama bila sauti kwa sababu redio yake ilikuwa inatangaza mpira. Kuhusu hadithi hakusema neno. Alinisimamisha mara tatu nirudishe nyuma aone bega limekaaje. Mwisho akasema huyu aliyepiga picha anajua kitambaa, maana anasubiri kitulie ndipo anakata. Nimesoma uhakiki mrefu wa filamu ile ambao haukufika hapo.

Ni fundi huyu huyu aliyenifumbua macho kwenye jambo jingine. Nguo wanazofunikia kinyago siku hizi, ukitazama vizuri, ni mitumba. Suruali za mazoezi, soksi ndefu za mpira, sweta za watu waliokufa Ulaya, zinachanwa na kushonwa upya mpaka ngozi isionekane. Anayevaa anafunikwa na nguo za wageni ili asijulikane na wa nyumbani. Belo linafunguliwa mnadani, mama mmoja anachagua gauni la mtoto, mwanaume mmoja anachagua soksi nane za rangi moja na haulizwi za nini.

Mwaka 2022 The Nest walialikwa documenta, yale maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani. Wakajenga kibanda bustanini kwa marobota ya nguo kuukuu na vitambaa vilivyochoka, na taka za vifaa vya umeme zikawekwa uwanjani. Ndani ya kibanda kulikuwa na filamu ya watu wakieleza biashara ya mitumba inavyofanya kazi. Kazi yenyewe waliipa jina lenye maana ya kumrudishia mtumaji mzigo wake. Mimi nimeiona kwa picha na video tu, na hata kwa picha unahisi joto la ndani ya kile kibanda, na lile vumbi la belo ambalo kila aliyewahi kuinamia mnada analijua puani. Hapo ndipo picha, filamu na nguo vimekuwa kitu kimoja kwao kweli kweli: nguo ndiyo ukuta na ndiyo skrini.

Na kabla ya hapo walikuwa wameshahesabu vilivyokwenda upande wa pili. Pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wa Ujerumani na Ufaransa, The Nest walishiriki mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko kwenye makumbusho ya nje, na orodha ikapita vitu 32,000. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, Cologne na Frankfurt. Nairobi waliweka makabati ya vioo matupu. Nilipoziona picha zake nikafikiria vinyago vyetu vinavyoonyeshwa ughaibuni. Karibu kila picha niliyoiona, kinyago kimechomekwa juu ya fimbo ya chuma, kichwa bila mwili. Walichukua mti. Nguo sijui kama kuna aliyewahi kuiomba, na hata angepewa asingejua aitundike vipi. Hesabu kama ile ya Kenya sisi bado hatujafanya kwa Masasi na Newala, na ingeanza kirahisi, maana Weule mwenyewe ameandika alikopita.

Bibi alifariki mwaka juzi. Tulipokuwa tunajiandaa kwa arobaini, mama mkubwa akataka picha yake kubwa ya kuweka ukutani, na ndipo tukagundua kwamba tunayo moja tu, ya kitambulisho. Nilikuwepo siku ile ilipopigwa. Bibi hakuwa mtu wa picha. Akiona kamera anapandisha kanga mdomoni, anabaki macho na paji la uso. Kijana mwenye kamera akamwambia kwa heshima, Bibi, naomba shusha kanga. Akashusha kidogo. Bibi, shusha tena. Akashusha mpaka kidevuni, akamtazama yule kijana kama anamkopesha kitu, na ikapigwa.

Tukaipeleka studio moja ya hapa mjini ikakuzwe. Siku ya kuichukua nilikwenda na mama mkubwa. Kijana wa studio akatuletea imeshawekwa kwenye fremu, anatabasamu. Alikuwa ameondoa nembo zote, mashavu yote mawili na paji la uso. Mdomo wa juu ameujaza, umekuwa kama wangu. Ngozi laini, hakuna kunyanzi. "Nimemsafisha," akasema, na wala hakututoza zaidi kwa kazi hiyo.

Nilisimama pale nikawakumbuka wale miungu wa Chuchu. Yeye alichukua ngozi safi ya vijana wa Nairobi na kuiongezea alama kwa kompyuta, kwa sababu alama zilishafutwa. Huyu kijana wa Masasi alichukua ngozi yenye alama na kuzifuta, kwa kompyuta ya aina hiyo hiyo nadhani, na programu hiyo hiyo. Ugomvi wangu na Pagans haujaisha, bado nadhani wale miungu ni warembo mno. Ila sasa naelewa haraka aliyokuwa nayo.

Nikamwomba kijana aturudishie kama ilivyokuwa. Mama mkubwa akanishika mkono. "Iache," akasema. "Kapendeza. Walimcheka miaka yote alipokuwa anashuka mjini, mwache sasa apendeze." Nikamwambia Bibi mwenyewe hakuwahi kuzionea aibu nembo zake, alikuwa anaficha tundu la mdomo tu. Mama mkubwa akaniuliza, umejuaje, ulimuuliza? Sikuwa nimemuuliza. Nilimuuliza habari za kaniki.

Tuliibeba kwenye bodaboda, mama mkubwa nyuma amekumbatia fremu, mimi kwenye bodaboda ya pili. Ndiyo iliyoko sebuleni kwake mpaka leo, na wageni wanaisifia. Ile ya kitambulisho nimeipiga picha, ipo kwenye simu yangu. Binti yangu ana miaka sita, na juzi aliikuza kwa vidole viwili mpaka shavu likajaa kioo kizima, akaniuliza nani alimchora Bibi.